Siku Mia na Ishirini na Nane

Kitaya,
5 Machi 2023

Mwalimu Sabina,

Salamu nyingi. Baba Lucy msalimie pia, nasikia kifua bado kinamsumbua. Huku mimi na Mama tu wazima, tunashukuru.

Tangu uhamie Mtwara darasa letu la jioni limekufa. Chama cha ushirika kimerudisha magunia yake pale ghalani tulipokuwa tunasomea, na ubao wako vijana wanachezea karata juu yake. Nimewaambia huo ni ubao wa Mwalimu, wakaniambia Mwalimu mwenyewe kaondoka.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno nalitafuta. Juzi nimemaliza kupanda mihogo, nikatia jembe begani, sijafika hata kwenye njia panda mvua ikashuka. Si kabla, si baada. Nikasimama njiani nalowa na kucheka peke yangu, wapita njia wakadhani nimepagawa. Sasa Waingereza kitu cha namna hiyo wanakiitaje? Kitu kinachokuja saa ileile unayokihitaji. Sisemi bahati, maana bahati inaweza kukukuta umelala.

Simu ya huku unaijua. Inashika mtandao wa ng'ambo ya mto, unadhani unaongea na Mtwara kumbe uko Msumbiji. Isitoshe, neno nikiliandika kwa mkono linakaa kichwani. Fredi, dereva wa lori la chama, amekubali kuwa posta wetu. Hebu nitazame mimi, mtu ana miaka arobaini na nne, kaachana na mkewe miaka tisa, sasa anasoma Kiingereza kwa barua. Ucheke tu, nakuruhusu.

Mwanafunzi wako,
Yusufu Mnali, karani wa ghala


Ufukoni, Mtwara,
14 Machi 2023

Ndugu Yusufu,

Nimecheka, na sikungoja ruhusa.

Neno lako ni *timely*. Mvua yako ilikuwa *timely rain*, yaani mvua iliyojua saa yake. Liandike mara kumi, kisha litungie sentensi tatu. Na sentensi zisiwe za mihogo zote.

Ila angalia jambo moja. Mvua hiyohiyo iliyokuchekesha wewe, kwangu iliingia sebuleni, nikashinda nachota maji kwa sufuria. Kwa hiyo ukisema kitu ni *timely*, sema na kwa nani.

Baba Lucy anakusalimu. Hajarudi kazini. Miaka kumi na minane ameshusha makontena pale bandarini, leo akipanda ngazi tatu anaomba kiti. Nilipomsomea barua yako akasema sisi walimu tunapenda kuhangaika, bandarini neno ni moja tu, "Sasa!", na asiyelisikia anaangukiwa na mzigo. Tukacheka mpaka akakohoa.

Lucy yuko bweni, kidato cha pili, hesabu zinamtoa jasho.

Wako katika kazi,
Sabina Mlowe


Kitaya,
2 Mei 2023

Mwalimu,

Idi imepita salama. Sentensi zangu tatu nimeziambatanisha na moja tu ni ya mihogo. Neno lenyewe nimelitumia mpaka watu wamenichoka. Mama akiniletea ugali, *timely*. Fredi akifika na barua yako, *timely* mara mbili.

Sasa nataka neno la pili. Ile saa yenyewe, unayoingoja mpaka ifike, ina jina? Wewe umetoka kwenye mahindi na viazi huko Njombe, ngoja na mimi nikufundishe. Korosho haichumwi. Bibo, lile tunda linalobeba korosho, likiiva linaanguka lenyewe, ndipo unaokota. Mwenye pupa akipanda mtini akatikisa, anapata korosho changa, ukiipasua punje haijajaa. Kwa hiyo kazi yetu ni kufagia chini ya mkorosho na kungoja. Kufagia na kungoja, watu wa huku tumezaliwa nako.

Baba Lucy anaendeleaje? Niambie kweli, usiniambie "anaendelea".

Yusufu


Ufukoni,
20 Mei 2023

Ndugu Yusufu,

Umeniomba kweli, nakupa. Hali si nzuri. Wanasema mapafu. Ananikataza kumwambia Lucy kabla ya mitihani, nami namtii, na sijui kama ninakosea.

Neno lako ni *opportune*. Ni gumu, ulitamke polepole. Wakati ulio *opportune* ni ule ambao jambo likifanywa hapo linakubali. Kamusi yangu inasema zamani za Warumi lilikuwa neno la upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Baba Lucy aliposikia hivyo akasema, basi hilo ni neno letu watu wa bandari, karani wa korosho aliombe kwa adabu.

Ni leo tu amecheka wiki hii. Nakushukuru kwa hilo.

Sabina


Kitaya,
9 Agosti 2023

Mwalimu wangu,

Sina maneno ya Kiingereza, na ya Kiswahili nayo yananikimbia. Fredi alinipa habari Jumamosi. Jumapili nilifika Ufukoni, nikakuta mlango umefungwa, jirani akaniambia mmeshasafiri na mwili kwenda Njombe. Nikakaa barazani kwako kama saa nzima, kisha nikarudi.

Marehemu Stefano, Baba Lucy wetu, sikuwahi kumwona kwa macho, lakini amenichekesha kwa barua. Mungu amlaze pema. Mwambie Lucy pole, naye avumilie. Wewe nakuambia jambo moja. Kula, hata kama hujisikii. Mama anasema hivyo na mimi nasema hivyo.

Yusufu


Ufukoni,
24 Septemba 2023

Ndugu Yusufu,

Nimerudi. Tulimzika nyumbani kwao, pembeni ya baba yake. Shangazi wa marehemu alinifunga kitambaa cheusi kichwani mbele ya watu wote, na gauni jeusi nikashonewa, na hivyo ndivyo ninavyoingia darasani. Wanafunzi wamekuwa na adabu mpaka inatisha.

Jirani aliniambia kuna mtu alikaa barazani saa nzima hakusema jina lake. Nilijua ni nani.

Nyumba ina kimya ambacho sikukitegemea. Nilizoea kulalamika kuhusu kile kikohozi. Usiache kuandika. Uliza neno lolote, hata la kijinga.

Sabina


Ufukoni,
12 Novemba 2023

Yusufu,

Barua zako tatu zimefika pamoja. Nimezisoma kwa mpango, moja kila siku, ili zisiishe. Ya pili, ile ya nguruwe aliyeingia kwenye mkutano wa chama akakuta mwenyekiti ndiye anaongea, niliisoma chumba cha walimu, ikabidi nitoke nje. Mjane wa watu anacheka kwa sauti na nguo nyeusi mwilini.

Nikuambie kitu. Leo lori la Fredi lilipokata kona, nilijikuta niko mlangoni na mwiko mkononi. Mboga ikaungua. Sijui hilo linaitwaje kwa Kiingereza na sitaki kulitafuta kwenye kamusi.

Nijibu upesi.

Sabina


Kitaya,
10 Desemba 2023

Mwalimu Sabina,

Leo siulizi neno. Leo nasema.

Kwetu mwanamke aliyefiwa hukaa eda, miezi minne na siku kumi, na mwanamume mwenye adabu hafungui kinywa mpaka iishe. Najua wewe si wa dini yangu na hakuna aliyekuweka eda. Lakini mimi nilikuwekea moyoni mwangu, nisije nikakukosea. Nimehesabu tangu tarehe tatu Agosti, siku ya msiba, kwa kuandama mwezi kama inavyotakiwa. Ni siku mia na ishirini na nane. Zimeisha jana. Mwalimu, kuna barua nilizokuandikia Oktoba ambazo nilizichana kwa kuwa sentensi moja ilikuwa imejitokeza kabla ya siku zake.

Nataka kukuoa. Dini yako ubaki nayo, nimemuuliza sheikh wetu, amesema haina kizuizi. Kazi yako ubaki nayo, mimi naweza kuhamia Mtwara, makarani wanatakiwa kila mahali. Lucy awe binti yangu akitaka, asipotaka nitakuwa mtu anayemletea korosho tu. Mama nimemwambia. Amelia kwanza, kisha ameuliza kama unajua kupika mtoriro, mboga yetu ya huku. Nimemwambia utajifunza.

Sina pupa. Nimefagia na nimengoja. Naona sasa ndiyo ile saa *opportune*, na kama nimeliandika vibaya, sahihisha neno, lakini usikatae jambo.

Wako, kama utapenda,
Yusufu


Ufukoni,
19 Desemba 2023

Yusufu,

Daftari baya hurudishwa bila salamu.

Nimevaa nyeusi. Mama mkwe ananipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama kitambaa bado kiko kichwani. Kaburi la mume wangu halijajengewa, na wewe unaniletea hesabu ya siku. Kumbe nilipokuwa nakuandikia jinsi nyumba ilivyo kimya, wewe ulikuwa na kalenda pembeni. Kumbe pole zako zote zilikuwa za kungojea zamu.

Wala si *opportune*. Ni *premature*, yaani jambo lililoletwa kabla ya wakati wake. Wewe uliyenifundisha kuwa korosho haitikiswi.

Usiniandikie.

Sabina Mlowe


Kitaya,
2 Januari 2024

Mwalimu,

Nakuvunjia amri mara moja tu, ili ujue nimeisikia.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kosa langu bado silioni lilipo, maana siku nilizitimiza zote. Lakini kama limekuumiza basi ni kosa, nakuomba radhi. Nimejiambia sababu ni nyingine, na wewe kwa heshima zako hukutaka kuitaja. Mimi ni mtu wa Kitaya, Mwislamu, nimeachana na mke, elimu yangu ya ghalani. Nilipaswa kujipima kabla ya kuzihesabu hizo siku. Nilijisahau kwa sababu barua zako zilinikaribisha.

Sitakusumbua tena. Ukikutana na Fredi msalimiane tu, asijue.

Yusufu Mnali


Ufukoni,
10 Agosti 2024

Yusufu,

Jumamosi ya tarehe tatu tulifanya ibada ya mwaka kule Njombe. Shangazi yuleyule aliyenifunga kitambaa akanivua, akaninawisha uso kwa maji, akanivika gauni la kijani. Akaniambia mbele ya ukoo, "Sasa wewe ni mtu huru, ukitaka kuolewa olewa." Watu wakapiga vigelegele. Nikasimama pale nikakuwaza wewe, na sikuona aibu.

Hili ndilo nililopaswa kukuambia Desemba. Katika ukoo wa mume wangu ni mwaka. Mjane akiposwa na nguo nyeusi mwilini, ni matusi kwa marehemu na kwake yeye. Nilidhani kila mtu anajua. Nilikuona umekuja na viatu kwenye matanga. Wiki iliyopita tu, nikiwa safarini narudi, mwalimu mwenzangu Nasra alinieleza eda ni kitu gani, siku moja moja. Nikarudia barua yako. Yusufu, ulikuwa umetimiza kila kitu. Ulinilindia heshima kwa siku mia na ishirini na nane, nami nikakujibu kama mtoto mtoro.

Ile uliyoiandika Januari, kwamba eti sababu ni dini na ghala, ifute. Haikuwahi kupita kichwani mwangu.

Nimekukosa. Naandika hivyo bila kupamba. Nimekaa miezi minane nikisikia lori likikata kona na kuendelea zake. Nimesahihisha madaftari nikakuta kosa la kuchekesha, nikaliweka pembeni la kukuandikia, kisha nikakumbuka.

Swali lako la Desemba nalijibu leo. Ndiyo. Nakutaka. Mtoriro nitajifunza. Lucy nimemwambia, akauliza kwa nini nimechelewa hivyo.

Kuna neno sijakufundisha, *belated*. Ni jambo jema lililofika baada ya siku yake. Wenzetu huliandika kwenye kadi za kutakiana heri ya kuzaliwa. Naomba usije ukalitumia kwangu.

Njoo. Au niambie nije.

Sabina


Kitaya,
Jumanne, 13 Agosti 2024

Mwalimu Sabina,

Shikamoo. Unaweza usinikumbuke. Mimi ni Halima, binti wa mzee Shafii. Kwenye darasa lako la ghalani nilikuwa nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na mtoto mgongoni, ili akilia nitoke. Ulinifundisha kusoma vizuri. Leo nimeona faida yake, na hasara yake pia.

Barua yako ya kwa Yusufu ninayo mimi. Jana Fredi alileta salfa ya kupulizia mikorosho, Yusufu alikuwa bondeni, Fredi akanipa mimi barua akisema, mpe mchumba wako. Mchumba wake ni mimi. Harusi ni Ijumaa hii, baada ya swala. Nimeona mwandiko nikaujua, ndio uleule wa ubaoni. Nikaifungua. Najua ni vibaya, na ningefungua tena.

Yeye hajui kama imekuja.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukamwona ni mtu wa kugeukageuka. Baada ya Mwaka Mpya alikuwa kama mtu aliyetoka wodini. Anafanya kazi, anasalimia, lakini hayupo. Hakusema kitu kwa mtu, ila mama yake aliniambia. Mimi nilikuwa nampelekea yule mama maji, basi nikawa nampikia na yeye. Mwezi wa tano, tena mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia, Yusufu, unangoja nini? Akaniambia, singoji tena kitu. Nikasema basi nioe. Akakaa siku nne, akaja kwa baba yangu.

Namtaka, Mwalimu, sikufichi. Nimeshaolewa na mtu wa kunipiga, na huyu tangu nimjue hajanipandishia sauti. Mwanangu ameanza kumwita baba, na hakuna aliyemfundisha. Pilau imeshapangiwa wapishi. Lakini nimeisoma barua yako yote, na nimelia, nami si mtu wa kulia. Kuna watu wangeniambia nikubali tuwe wawili. Dini inamruhusu, ila najua yako haikuruhusu, na mimi nafsi yangu haitaki. Tusidanganyane.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nikimpa barua hii, atakuja Ufukoni, au atanioa na moyo uko Ufukoni. Sijui lipi. Lakini ni yake, imeandikwa jina lake. Ukisema nimpe, nitampa kesho kutwa kabla ya jua kuzama, na nitamwambia baba yangu mwenyewe. Ukinyamaza pia nitampa, maana sitaki kuishi na kitu cha kuiba ndani ya nyumba. Fredi anateremka Mtwara kesho asubuhi na anarudi mchana. Mpe jibu.

Mwanafunzi wako wa mlangoni,
Halima Shafii


Ufukoni,
Jumatano, 14 Agosti 2024

Mdogo wangu Halima,

Marahaba. Nakukumbuka. Mtoto alikuwa na kofia ya njano.

Fredi yuko nje na amenipa nusu saa, na dakika ishirini zimeisha nimekaa tu na kalamu.

Usimpe. Ichome, nawe usiite wizi, maana mwenye kuiandika ndiye aliyekuambia. Abaki akijua kwamba nilimkataa Desemba na habari ikaishia hapo. Limemwuma na limeanza kupona, wewe ndiye uliyemponya. Mwanamume aliyenihesabia siku zile zote kwa adabu, akivunja neno alilompa baba yako kwa sababu ya karatasi, hatakuwa tena yule ninayemtaka. Na akikataa kulivunja, nitakuwa nimemtilia sumu kwenye harusi yake. Mimi sipati kitu kwa vyovyote, na wewe unakosa.

Nilimwandikia kwamba kwetu ni mwaka, na ni kweli. Lakini hasira yangu, Halima, haikufika mwaka. Haikufika hata mwisho wa Januari. Februari niliandika mstari mmoja, "Ngoja Agosti", nikauchana. Nikajisemea kama ananitaka kweli atangoja bila kuambiwa. Nilitaka anihangaikie kidogo. Mstari mmoja tu, na Fredi alikuwa anapita mlangoni kwangu kila wiki. Haya si mambo ya mila wala ya dini. Ni kiburi changu, na wewe huwezi kukilipia.

Nampenda. Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwandikia, na kwa sababu umekuwa mkweli kwangu kuliko nilivyokuwa kwake. Ukimaliza kusoma choma na hii.

Sitakuja harusini, utanielewa. Darasa ungelifufua wewe. Unajua kusoma, na ghala lipo.

Fredi kashawasha gari. Nikiisoma tena barua hii sitaituma.

Sabina